Nyumba Isiyotajwa Anwani: Kujitolea kwa Ajili ya Wanawake na Watoto wa Kalerwe

Nyumba salama, kama wanavyoiita watendaji wa ustawi wa jamii katika Afrika Mashariki, ni makazi ya muda ambamo mwanamke aliyekimbia kipigo, vitisho au unyanyasaji mwingine nyumbani kwake hupokelewa pamoja na watoto wake, akapewa malazi, chakula, matibabu, ushauri nasaha na mwongozo wa kisheria, hadi ipatikane njia ya yeye kuishi bila hofu. Nyumba hiyo si hospitali, si kituo cha polisi, wala si kituo cha kulelea yatima, ingawa hushirikiana na vyote vitatu. Na tofauti na hivyo, aghalabu haina kibao barabarani, kwa kuwa mume anayemsaka mkewe akishaijua anwani, ulinzi wote huwa umekwisha. Kwa sababu hiyo makala hii haitaji nyumba yoyote iliyomo Kampala, bali inaitazama Kalerwe, mtaa ambamo wanaohitaji hifadhi na wanaoweza kuwasaidia hupita katika vichochoro vilevile, ili kueleza kazi ya kujitolea katika makazi ya namna hiyo ni kazi gani hasa, na inamfaa nani.

Kalerwe iko kaskazini mwa Kampala, katika Divisheni ya Kawempe, ambayo ni mojawapo ya divisheni tano za jiji hilo, pale barabara ya Gayaza inapokutana na barabara ya mchepuko ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 2009. Majirani zake ni Bwaise, Kyebando na Mulago. Wakazi wengi wa Kampala huijua kwa soko lake la chakula, ambako matoke, nyanya, kabichi na maharage hushushwa kutoka kwenye malori kabla ya jua kuchomoza, na wengine huijua kwa mafuriko, maana mfereji wa Nsooba hufurika mvua zikizidi na maji machafu kuingia hadi vitandani. Familia nyingi hupanga chumba kimoja katika majengo marefu yenye milango iliyopangana, chumba ambacho Kampala huitwa muzigo, na ambacho ndicho jiko, sebule na mahali pa kulala pa baba, mama na watoto. Katika chumba cha aina hiyo mtoto hana pa kwenda wazazi wanapogombana, na majirani husikia kila kofi kupitia ukuta. Hivyo si kweli, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwamba ukatili wa majumbani hufichika. Unajulikana na watu wengi, lakini kila mmoja wao hungoja mwingine aanze kusema.

Jamii za zamani hazikukosa utaratibu wa kumwokoa mke anayeteswa. Kwa kabila la Baganda, mwanamke aliyechoshwa na mateso alikuwa na haki inayotambulika ya kunoba, yaani kuondoka kwa mumewe na kurudi kwao, na huko akakaa chini ya ulinzi wa baba na kaka zake, huku senga, ambaye ni shangazi upande wa baba, akisikiliza upande wake. Mume aliyetaka mkewe arudi alilazimika kwenda mwenyewe kwa wakwe, kujibu maswali na pengine kutoa faini. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, kwa maana wazee walipenda zaidi ndoa idumu kuliko mwanamke apone, na pale mahari ilipokuwa imelipwa familia ya mke ilisita kumpokea kwa kuogopa kudaiwa irudishwe. Ndiyo maana shauri lililopelekwa mahakamani na shirika la MIFUMI lilikuwa na uzito mkubwa: tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba desturi ya kudai kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika inakwenda kinyume cha katiba. Hata hivyo, hukumu haiwezi kuleta karibu nyumba ya baba iliyo mbali. Muuza mboga wa Kalerwe aliyetoka Teso, Acholi, Nile Magharibi au mashariki mwa Kongo hana kaka wa kumkimbilia usiku wa manane, na nauli ya kwenda kwao huenda ndiyo mtaji wake wote. Nyumba salama imekuja kuziba pengo hilo lililoachwa na ukoo.

Ukubwa wa tatizo umepimwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa Uganda mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 51 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 22 walikuwa wamepata kufanyiwa ukatili wa kingono. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inatambua kwamba ukatili si kipigo tu, bali pia ni ukatili wa kingono, wa maneno, wa kihisia, wa kisaikolojia na wa kiuchumi, kwa mfano mume kumnyang'anya mke mapato yake, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka miwili au faini ya vipimo 48 vya fedha, ambapo kipimo kimoja ni shilingi 20,000 za Uganda, au vyote viwili. Sheria hiyo inampa hakimu mamlaka ya kutoa amri ya ulinzi, ambayo ni katazo la mahakama linalomzuia mtuhumiwa kumdhuru au kumsogelea mlalamikaji, na inamtaka polisi aliyepokea malalamiko amsaidie mwathirika, ikiwa ni pamoja na kumsaidia kupata mahali pa kujihifadhi.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, mlango wa kwanza si wa hakimu. Ni wa mwenyekiti wa LC1, baraza la chini kabisa la serikali za mitaa, ambaye mara nyingi anaishi hatua chache kutoka kwa wote wawili na huenda anakunywa chai na mume. Sheria ya 2010 inairuhusu mahakama ya baraza hilo kuonya, kuamuru fidia au kuombwa radhi, kupatanisha na hata kutoza faini, lakini pia inaitaka ipeleke shauri kwa polisi na kwa hakimu iwapo mtuhumiwa amerudia kosa au anaelekea kuleta madhara zaidi. Sharti hilo la pili ndilo husahauliwa, na usuluhishi hufanywa mara ya tatu na ya nne kwa mtu yuleyule, kila mara kwa karatasi mpya iliyotiwa saini na muhuri.

Nyumba salama katika sura zake za kisasa hazikuanzia Afrika. Inayotajwa zaidi katika historia ni ile iliyofunguliwa na Erin Pizzey mwaka 1971 huko Chiswick, London, katika nyumba ambayo wanawake walianza kuja kwa mazungumzo tu, wakaishia kulala humo kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine salama. Nchini Uganda, MIFUMI, iliyoanza katika kijiji cha wilaya ya Tororo, na ActionAid zimekuwa miongoni mwa mashirika yaliyoendesha hifadhi za wanawake katika wilaya mbalimbali. Nchini Tanzania, nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti ilifunguliwa mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia kukeketwa, na hospitali kadhaa za nchi hiyo zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambamo matibabu, ushauri na huduma ya polisi hupatikana chini ya paa moja. Yote hayo yanatofautiana kwa ukubwa na kwa fedha, lakini karibu kila mahali yanashabihiana katika jambo moja: watumishi wa mshahara ni wachache, na pengo linazibwa na watu wa kujitolea.

Kazi inayowangoja watu hao haifanani na picha waliyo nayo wengi kichwani. Anayefika hifadhini kwa mara ya kwanza akitarajia kufariji na kukumbatia hupewa ufagio, au orodha ya dawa, au mtoto wa miaka mitatu anayeharisha. Mwanamke anayepokelewa usiku anahitaji kwanza maji ya moto, nguo kavu, chakula na mlango unaofungwa kwa ndani. Maswali mengi yanaweza kusubiri hadi asubuhi, isipokuwa machache yasiyongoja. Kama amebakwa, dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi, kwa hiyo mjitoleaji anayejua njia ya hospitali ya Mulago au ya Kawempe, na anayejua kwamba daktari atahitaji kujaza Fomu ya Polisi namba 3A, yaani fomu ya uchunguzi wa kitabibu kwa aliyedhulumiwa kingono, ana manufaa kuliko mwenye huruma nyingi asiyejua pa kuanzia. Hatua zinazofuata ni ndefu na za kuchosha. Kuna kumsindikiza kwenye kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, kukaa naye kwenye benchi saa nne, kurudi kesho kwa sababu afisa mhusika ametoka, kumwona afisa wa ustawi wa jamii, na kwenda mahakamani ambako shauri limeahirishwa. Wanawake wengi huacha mashauri yao hapa, kwenye benchi, wala si kwa sababu ya kumwogopa mume peke yake. Mtu wa pili anayekaa kando yao mara zote hizo ndiye huwafanya wasiache.

Lugha ni eneo jingine ambalo msaada wa kujitolea hauna mbadala wa haraka. Kampala ina wakimbizi wengi kutoka Kongo, Sudan Kusini na Burundi, na mwanamke wa Kivu anayezungumza Kiswahili hawezi kueleza jeraha lake kwa Kiganda cha kuokoteza sokoni. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini kwa Waganda wengi wa umri mkubwa lugha hii bado inabeba kumbukumbu za askari waliowaamrisha kwayo kwenye vizuizi vya barabarani, na wengi wao hawakutaka kuisema. Kwa hiyo mtu wa Kalerwe anayejua Kiswahili vizuri, Kiganda vizuri, na kunyamaza vizuri, ni hazina. Kunyamaza kunatajwa hapa makusudi, kwa sababu mkalimani katika shughuli hii hatafsiri tu, bali anasikia mambo ambayo mzungumzaji hakuwahi kumwambia mama yake mzazi, na hana ruhusa ya kuyafikisha hata kwa mkewe au mumewe nyumbani.

Usiri ndio sharti la kwanza la kazi yote. Mjitoleaji hapigi picha, hata ya mtoto anayecheka, hata ya uji aliopika. Hatumi mahali alipo kwa simu. Hapandi bodaboda hadi langoni, bali hushuka mbali akatembea. Na akikutana sokoni na mwanamke aliyemhudumia hamsalimu kwanza, hungoja asalimiwe. Katika mtaa ambamo habari hutangulia mtu kufika, masharti haya ni magumu kuliko yanavyosikika, na ni halali kwa msimamizi wa hifadhi kumkataa mtu mwema asiyeweza kuyashika. Ni halali pia kudai cheti cha tabia njema, ambacho nchini Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol ya jeshi la polisi, na kudai wadhamini wawili wanaomfahamu mwombaji, kwa kuwa wanaopenda kuwawinda watoto hujua vizuri kwamba nyumba yenye watoto wasio na baba mlangoni ni mahali rahisi pa kuingilia.

Watoto wanastahili maelezo zaidi, maana ndio huwavuta wajitoleaji wengi. Mapokeo ya kutunza watoto katika nyumba za hisani ni ya zamani Kampala. Sanyu Babies' Home, iliyoanzishwa mwaka 1929 na mkunga mmisionari Milnes Walker, ingali ikipokea watoto wachanga waliotelekezwa, na kwa miaka mingi imepokea pia vijana kutoka ng'ambo wanaokuja kusaidia kulisha na kuogesha. Ila watafiti wa makuzi ya watoto wameonya mara kwa mara kwamba mtoto anayezoea mtu mpya kila baada ya wiki tatu, kisha akamwona akiondoka, hujifunza kutomwamini yeyote, au humkimbilia kila mgeni bila kuchagua, jambo linaloonekana kama uchangamfu kumbe ni jeraha. Katika nyumba salama hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa mama yupo. Lakini hilo nalo lina mtego wake: mjitoleaji mwenye pipi, michezo na muda, akiwa mbele ya mama aliyechoka na kuvimba uso, anaweza kumpokonya mama nafasi yake bila kukusudia. Afadhali amfulie mama nguo, amshikie kitinda mimba, kisha mama mwenyewe ndiye akae na mtoto mkubwa kumsaidia kusoma. Masomo ya watoto hao huwa yamekatika, na walio wengi wanahitaji hesabu na kusoma kuliko nyimbo za kukaribisha wageni.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, basi, mgeni wa wiki mbili anayelipia safari kutoka Ulaya au Marekani ili kukaa na watoto ana nafasi ndogo katika hifadhi ya Kalerwe au mtaa wowote wa namna hiyo. Nauli yake ingelipa kodi ya muzigo kwa miezi mingi. Mwenye ujuzi maalumu, kama daktari, mwanasheria au mshauri nasaha wa kuwafunza wenzake, ni jambo jingine. Lakini nguzo ya kazi ni jirani anayekuja kila Jumanne kwa miaka miwili.

Kodi ya chumba imetajwa kwa sababu umaskini ndio huwarudisha wengi. Mwanamke anayeuza nyanya sokoni hutegemea meza yake, wateja wake na chama chake cha kuweka na kukopa. Anapoingia mafichoni hupoteza vyote kwa mpigo, na kila siku anayokaa salama ni siku ambayo mtaji wake unaliwa na nyanya zake zinaoza. Hifadhi huweza kumlisha wiki kadhaa, lakini haiwezi kumpa mtaa mwingine wa kuishi, na hapo ndipo mjitoleaji wa sokoni, ambaye pengine hatawahi kuiona nyumba yenyewe, huwa na kazi kubwa kuliko ya ndani: kumshikia meza, kukusanya madeni yake, kuzungumza na mweka hazina wa chama asimhesabie faini za kutohudhuria, kumtafutia chumba upande mwingine wa mji. Mipango mingi ya ufadhili haina safu ya kuandika kazi hizo, kwa hiyo hazihesabiwi, ingawa kukosekana kwake kunatosha kumrudisha mtu kwenye chumba alichokikimbia.

Kipindi cha korona kilionyesha jinsi uzi unaomshikilia mwanamke kama huyo ulivyo mwembamba. Machi 2020 serikali iliagiza wauzaji wa chakula katika masoko ya Kampala walale sokoni badala ya kurudi nyumbani, usafiri ukasitishwa, na shule zikafungwa kwa wanafunzi wengi hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Mama alilala chini ya meza ya mboga, watoto walibaki chumbani na yeyote aliyekuwepo, na aliyetaka kukimbia hakuwa na gari wala bodaboda ya kumbeba. Mtu aliyeweza kufika alikuwa yule anayetembea kwa miguu, yaani jirani.

Kuna ushahidi kwamba majirani wa kujitolea hufanya zaidi ya kuokoa. Raising Voices, shirika lililoanzishwa Kampala mwaka 1999, lilibuni, na kutekeleza pamoja na kituo cha kuzuia ukatili wa majumbani kiitwacho CEDOVIP, ambacho kazi zake za mwanzo zilifanyika katika Divisheni hii hii ya Kawempe, mbinu iitwayo SASA!, ambamo wakazi wa kawaida, wake kwa waume, hufunzwa kuzungumza na wenzao juu ya matumizi mabaya ya nguvu, kwenye vijiwe, saluni na milangoni. Mbinu hiyo ilipimwa kati ya 2007 na 2012 katika jumuiya nane za Rubaga na Makindye, ambapo nusu zilipata mafunzo na nusu zikasubiri, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ukatili wa kimwili uliofanywa na wenzi katika mwaka uliotangulia ulikuwa pungufu kwa asilimia 52 kwenye jumuiya zilizofunzwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa zaidi ya wanaharakati 400 wa mitaani, hawakuwa wataalamu. Nyumba salama inampokea aliyekwisha kuumizwa. Majirani hao walipunguza idadi ya wanaohitaji kupokelewa.

Haifai, hata hivyo, kuisifia kazi ya kujitolea hadi kusahau gharama yake. Anayesikiliza visa vya kubakwa na kuchomwa moto wiki baada ya wiki huanza kukosa usingizi, kukasirikia wanaume wote au kutohisi chochote, hali ambayo wataalamu huiita kiwewe cha pili, maana si yeye aliyeumizwa lakini dalili ni zilezile; hifadhi isiyo na kikao cha kuwasikiliza wajitoleaji wake itawapoteza walio bora kwanza. Tena, anayejitolea Kalerwe mara nyingi ni mwanamke maskini kama anayehudumiwa, na saa anazozitoa ni saa za biashara yake. Shirika lenye bajeti linalomtumia mtu huyo siku tano kwa wiki bila nauli wala chakula cha mchana, kisha likaandika katika ripoti kwamba jamii imeshiriki, linamnyonya, na liitwe hivyo. Nauli, mlo, mafunzo na simu yenye salio si mshahara, na hakuna sababu ya kuyakosa.

Kwa msomaji wa Kampala anayetaka kuanza, njia si kutafuta nyumba ilipo, bali kuzungumza na afisa wa ustawi wa jamii wa divisheni yake au na shirika linalotambulika, kusema wazi ana saa ngapi kwa wiki na kwa muda gani, na kukubali kuchunguzwa. Asiye na saa hata moja anaweza bado kushika simu anaposikia ukuta ukitikisika: namba 116, inayoitwa Sauti, ni ya bure nchini Uganda, na hupokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto na dhidi ya wanawake.